Jora Moja, Ukurasa Mzima

Shukrani zote namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyeniumba naye hana haja yoyote kwangu, akanipa macho mawili ya kuonea na akaniachia mpaka umri huu ambao wenzangu wengi wamekwisha kulala chini ya udongo. Namsifu kwa neema ninazozijua, na kwa zile zilizopita mbele yangu nisizitambue. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake, na kila aliyemfundisha mwenzake jambo la heri. Baada ya hayo, ndugu yangu, sogea karibu nikusimulie.

Mwaka jana, wakati wa masika, nilipanda tena kijijini kwetu katika milima ya Uluguru kwa mazishi ya mwanamke wa ukoo wetu. Mimi ni miongoni mwa wanawake wanaoosha maiti, kazi niliyofundishwa na bibi yangu mzaa mama. Maji yalikuwa yamekwisha chemka, tumetandaza mkeka, ndipo sanda ikaletwa kutoka dukani. Ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, imekwisha katwa vipande vitano, na pamba, ubani na kipande cha sabuni vimepangwa pembeni kama zawadi ya arusi. Wenzangu waliendelea na kazi. Mimi nilibaki nimeushika mfuko ule mpaka mmoja wao akaniuliza, "Vipi, mama? Umejisikia vibaya?" Nikamwambia hapana, tuendelee. Pale sikuweza kueleza. Nakueleza wewe.

Nilikuwa na miaka kumi, au kumi na mmoja. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Ujamaa, vita vya Uganda vimekwisha na maduka yamekuwa matupu. Duka la kijiji chetu lilikuwa na rafu ndefu za mbao, na juu yake viberiti na majani ya chai, na siku nyingine viberiti peke yake. Tulipanga foleni kwa ajili ya unga wa njano, ambao ugali wake ulinuka gunia. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, tukiyaponda juu ya jiwe mpaka yatoe povu la kijani. Miwa ya Turiani ilikuwa katika mkoa wetu huuhuu, lakini sukari hatukuiona. Tulikunywa chai kavu huku tunatafuna kipande cha muwa wa bustanini, na bibi alisema kwamba tumboni vitakutana tu.

Nililelewa na babu na bibi. Kwetu Uluguru ardhi hufuata mama, na baba yangu, aliyefanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, alikubali nibaki mlimani ili nisome. Nilisoma pande mbili. Asubuhi shule ya msingi ya kijiji. Jioni chuo cha Kurani barazani kwa babu, ambaye watu wote walimwita Maalim. Kutoka kwenye ukingo wa shamba letu uliweza kuona mabati ya Morogoro yanametameta kule chini, karibu kama vile ungeweza kuyatupia jiwe, lakini kwa miguu ilikuwa safari ya asubuhi nzima.

Lililowaumiza wazee kuliko yote lilikuwa nguo. Aliye hai aliweza kuvaa viraka, akasubiri. Maiti hasubiri. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu alizikwa na shuka la kitandani lenye maua mekundu, na bibi alilisema jambo lile wiki nzima, akikoroga chungu na kutikisa kichwa: "Maua, jamani. Mtu mzima yule, na maua." Ndiyo maana msikiti wetu ulipopewa sadaka ya jora moja la bafta, nguo nyeupe ya pamba, na mfanyabiashara mmoja wa mjini, wazee waliamua liwe la sanda tu, kwa ajili ya kijiji kizima, na likawekwa amana kwa jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani. Nyumba yake ilitazamana na yetu, uwanja mmoja katikati. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na hakuweza kumwona mtu bila kumtania. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua, analala chumba cha mbele ili asikie mazungumzo ya barazani, na kila mumewe alipochekesha watu ulimsikia yeye anacheka ndani, kisha anakohoa, kisha anacheka tena. Hawakuwa na mtoto. Jora lilikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda cha yule mama.

Sasa nije kwenye kuchora.

Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa kijana Mkristo kutoka Bukoba. Alitufundisha hesabu, na pia kazi za mikono na kuchora. Siku moja alinikuta nachora chini kwa kijiti, nyumba na jua na nyumba nyingine, kama watoto wote. Akasimama juu yangu.

"Mkono unao," alisema. "Macho ndiyo huna."

Niliudhika sana. Kesho yake akaniita mezani kwake, akanipa nusu penseli, na akanipa sharti. Kila siku kitu kimoja. Nisiende kutafuta simba wala ndege wala gari; nichukue kilichopo jikoni. Nikiweke chini, nikizunguke. Nikichore mbele, nikichore nyuma, nikiwa nimesimama, nikiwa nimechuchumaa, nikiwa nimelala kifudifudi, mpaka ukurasa ujae kitu hicho kimoja. Kesho kitu kingine, ukurasa mwingine. "Usiruke hata siku moja," alisema. "Siku ukiumwa, chora kikombe cha dawa."

Kabla ya kuanza nilimwomba babu ruhusa, maana chuoni tulifundishwa tusichore chenye roho.

"Huyo mwalimu wako anataka uchore watu?" babu aliuliza.

"Hapana, babu. Vyombo."

"Vyombo gani?"

"Mwiko. Ungo. Kinu."

Akafikiri, mkono kwenye ndevu. Kisha akacheka. "Basi chora, mke wangu. Kinu hakina roho, hakitakudai kitu Siku ya Kiyama. Ila mimi na ndevu zangu utuache."

"Na mimi aniache!" bibi alipaza sauti kutoka jikoni. "Mke mwenzangu huyu ana wivu, atanichora nimekunjamana."

Daftari halikuwepo, madaftari ya shule yenyewe tuligawana moja watoto wawili. Mwalimu alikusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, zilizochapwa upande mmoja, na nyuma nyeupe. Nilizipeleka kwa jirani fundi, akazikunja katikati na kuzipitisha kwenye cherehani yake, mshono mmoja ulionyooka, na jalada la karatasi ya mfuko wa saruji.

"Uzi huu, Bi Mchoraji," aliniambia, "ungetosha kushonea suruali ya mwenyekiti iliyopasuka. Lakini mwenyekiti akikaa vizuri haonekani. Chukua."

Nilianza na mwiko. Nikauchora mara tatu, nikachoka, nikaona mwiko ni mwiko. Siku ya pili ungo. Siku ya tatu koroboi. Wakati wangu ulikuwa baada ya alasiri, bibi akiwa amejilaza kidogo na kabla sijaenda kisimani. Moto umefunikwa majivu, jiko linanuka moshi mkavu na maganda ya ndizi, kuku anatembea mlangoni. Penseli ilipokuwa fupi mno nilichomeka kipande ndani ya mwanzi. Ilipokwisha kabisa nilitumia mkaa. Mara nyingi sikutaka. Nilikaa tu kwa sababu jana nilikaa.

Nadhani ilikuwa wiki ya tatu, siku ya chungu, macho yalipofunguka. Nilikuwa najua mdomo wa chungu ni duara. Lakini nilipochuchumaa niliona si duara tena, umekuwa kama jicho linalosinzia. Na nilipolaza shavu kwenye sakafu ukawa mstari tu. Nikasimama, duara. Nikachuchumaa, jicho. Chungu ni kilekile, hakijasogea. Nilikimbia shuleni kesho yake kumwonyesha mwalimu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani. Mwalimu alifungua daftari na kusema, "Sawa. Ukurasa wa vyungu huu." Ndivyo tulivyoziita kurasa zile: ukurasa wa miiko, ukurasa wa vyungu, ukurasa wa majembe, ingawa jembe kwetu lilikuwa moja. Tulihesabu picha, si vyombo. Hapakuwa na mtu aliyetuambia kwamba neno hilo lina hatari.

Siku ya jora kulikuwa na mvua. Kila baada ya siku kadhaa fundi alilitoa sandukuni lipate hewa, maana milima yetu ina unyevu na nguo nyeupe hushika ukungu haraka. Aliliweka juu ya meza yake ya kukatia, nami nikamwomba nilichore.

"Lichore, lakini mikono yako uiweke mbali. Una mkaa wewe, utawazika watu na madoadoa."

Nikalizunguka. Kwa mbele lilikuwa refu na nene. Kwa ubavu, jembamba. Kwa kichwani ungeona nguo ilivyojikunja, mzunguko ndani ya mzunguko, kama nyumba ya konokono. Nililichora mara kumi na mbili. Nilijua ni ukurasa wangu bora kuliko yote, na mpaka leo najua. Fundi aliutazama, akapiga ulimi.

"Mama weee! Njoo uone!" alimwita mkewe. "Huyu mtoto ametutajirisha. Jora limezaa!"

Yule mama alicheka kule ndani, akakohoa, akacheka.

Wakati huo zilikuwa zinakuja habari za msako. Walanguzi wanatafutwa, watu walioficha bidhaa wanakamatwa. Dumila wamechukuliwa watu, mjini wamechukuliwa watu, wengine wametupa sabuni mtoni kwa hofu. Kijijini kwetu tulizisikiliza habari zile kama za nchi ya mbali. Tungeficha nini?

Siku chache baada ya ukurasa wa jora alikuja mgeni kutoka mjini, mkubwa mmoja wa msako, na mgambo wawili. Ulikuwa wakati wa adhuhuri, babu na wanaume wako msikitini. Walikaa barazani kwetu wapumzike kwa mlima walioupanda. Bibi aliwapa maji, akarudi jikoni kuwachemshia boga. Daftari langu lilikuwa kwenye mkeka. Mgeni akaliokota.

"Nani fundi wa kazi hizi?"

"Mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Hodari sana wewe!"

Ndugu yangu, sikuwahi kusifiwa na mtu mwenye viatu vya ngozi. Nilisogea mpaka kwenye goti lake. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, akiuliza hii nini, nami nikamjibu kama nilivyozoea kumjibu mwalimu: miiko, nyungo, vyungu, majembe. Alicheka vizuri, kama mjomba. Kisha akafika kwenye ule.

"Na hii?"

"Majora. Ya bafta."

"Majora," alirudia. "Ya nani?"

"Ya fundi, jirani yetu. Yako chini ya kitanda." Nikaongeza, ili asifu zaidi: "Nimeyachora mwenyewe, nikiyatazama."

Alifunga daftari na kulitia mkobani. Boga hakulisubiri.

Wanaume walipotoka msikitini walikuta sanduku la fundi limekwisha kutolewa nje uwanjani, na jora liko juu yake.

"Mengine yako wapi?" mkubwa aliuliza.

"Mengine yapi, mzee?"

"Kumi na moja."

Fundi hakuelewa, mpaka alipofunguliwa ukurasa. Aliutazama, akainua macho akanitazama mimi niliyesimama kwenye mlango wetu, na akaanza kucheka, kwa sababu aliona jambo limekwisha. "Ala! Kumbe hili? Mzee, huyu mtoto ndivyo anavyochora. Kitu kimoja anakijaza ukurasa mzima. Ni hilohilo."

"Hilohilo? Hili nene, hili jembamba, hili fupi. Wewe fundi wa nguo, hujui tofauti ya jora na jora?"

"Ni moja!" nilipiga kelele. "Ni moja tu!"

"Nyamaza," mgambo mmoja aliniambia. "Si umesema mwenyewe majora?"

Walichimba sakafu ya chumba. Walidunga paa la nyasi kwa vyuma. Walimwinua yule mama mgonjwa, wakamkalisha juu ya kinu, wakapasua godoro lake la sufi, na sufi ile ilipeperuka uwanjani ikashika kwenye migomba. Hawakuona kitu. Nilidhani kutokuona kitu kutamwokoa. Lakini mkubwa alikung'uta mikono na kusema kwamba basi, kumi na moja amekwisha kuyauza, na huo ndio ulanguzi wenyewe. Babu na wazee walieleza kwamba jora ni la msikiti. Wakaulizwa risiti. Sadaka haina risiti, na aliyeitoa alikuwa amekwisha kuhama. Fundi akachukuliwa, na jora, na cherehani, na daftari langu. Alipopita mbele ya baraza letu hakuwa anacheka tena, lakini hakunitazama vibaya. Alimwambia bibi, "Mtazameni mwenzangu," akateremka na wale watu.

Mwalimu alipopata habari aliacha darasa. Ni yeye aliyesema kwamba liko jambo moja linaweza kumtoa fundi: mimi nikachore mbele yao, kitu kimoja, waone kwa macho yao jinsi kinavyokuwa vingi. Babu alikubali. Tukateremka watatu, tumeswali alfajiri, mwalimu akitusubiri kando ya njia, umande unalowesha miguu, babu amevaa kanzu yake ya Idi ili tusidharauliwe. Njia nzima mwalimu alinifundisha: usiogope, fanya kama nyumbani, kizunguke tu. Nilimjibu ndiyo, mwalimu. Nilijua maisha ya mtu yako kwenye mkono wangu, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba naweza kurekebisha.

Ofisi ile siitaji. Tulisubiri mpaka jua likawa kali. Mkubwa yuleyule alikuwa mezani anakunywa chai katika kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu na mkono wa kushikia. Mwalimu alieleza kwa adabu kubwa. Mkubwa alimsikiliza, akasogeza kikombe chake mbele, chai iko nusu, akanipa karatasi.

"Haya. Achore hiki. Tuone."

Nilikalishwa kwenye kiti upande wa pili wa meza. Nilichora kikombe kwa mbele, mkono wake ukiwa upande wa kulia. Kisha nikainuka nikizunguke.

"Wewe! Nani kakuruhusu kuizunguka meza yangu? Kaa hapohapo."

Nikakaa.

"Mzee, samahani," mwalimu alisema, "lazima akizunguke, ndipo..."

"Mwalimu, umeletwa hapa kusema au kuchora?"

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Babu alikuwa anasoma dua kimyakimya, midomo inacheza. Nami nikachora tena, kutoka palepale nilipokaa, na kikombe kikatoka kilekile. Nikachora cha tatu. Kilekile, mkono upande wa kulia. Sikuweza kuchuchumaa, sikuweza kusimama. Kikombe kilikuwa shibri moja kutoka kwenye vidole vyangu. Ningenyoosha mkono nikigeuze kidogo tu, mkono wake uje kushoto, kisha uje mbele, kisha upotee nyuma, na pale pale kwenye kiti ningekuwa nimemaliza kazi. Jambo hilo nililifikiria. Usidhani sikulifikiria. Lakini kilikuwa kikombe cha mkubwa, na chai yake imo ndani, na mimi ni mtoto wa Maalim; sijawahi kugusa chombo cha mtu mzima ila nimepewa kwa mkono. Nilisubiri anipe. Nikachora vikombe kumi na viwili, vyote mkono upande wa kulia, vyote ndugu wa tumbo moja.

Mkubwa aliichukua karatasi, akaiweka kando ya daftari langu lililofunguliwa.

"Hapa ni kikombe kimoja," alimwambia babu. "Tazama, vinafanana. Hapa ni majora. Tazama, hayafanani. Mtoto wenu amejibu mwenyewe."

Akanywa chai yake iliyobaki.

Tulipanda mlima. Mwalimu alikuwa mbele, anakwenda upesi kama mtu anayekimbia sauti. Tulipofika kwenye kijito cha mwisho babu alikaa juu ya jiwe, akanawa uso, akasema alhamdulillah kwa kila hali. Kwa mara ya kwanza nilitamani asiseme.

Miezi miwili baadaye yule mama alikufa. Bibi ndiye aliyemwosha, na mimi nilishika chombo cha maji kwa mara ya kwanza. Sanda haikuwepo. Mwanamke huvikwa vipande vitano. Wazee watano wakaenda majumbani, wakarudi kila mmoja na kanzu yake ya Idi imekunjwa mikononi. Bibi na wanawake wawili walizifumua kwa wembe, uzi kwa uzi, wakitoa mikono na kola. Aliyejua kukata alikuwa mahabusu, basi walikata wenyewe, vibaya kidogo. Niliona matundu madogo ya sindano yamebaki kwenye nguo, safu kwa safu, kazi ya mumewe. Kanzu zile zote alizishona yeye. Idi iliyofuata wazee watano waliswali wamevaa mashati.

Fundi alirudi baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Hatukuambiwa kwa nini ameachiwa, wala kwa nini alishikiliwa muda wote ule. Amekonda, masikio yamekuwa makubwa zaidi. Kwanza alikwenda makaburini, akakaa huko mpaka alasiri. Siku ya tatu alivuka uwanja, akaja barazani kwetu. Nilikuwa napepeta mchele. Alimwamkia babu, wakaulizana hali, na babu akamsimulia tulivyoteremka mjini, maana hakuwa anajua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Kikombe kilikuwa mbali?"

"Hapana, babu fundi."

"Kilikuwa kizito?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukukigeuza?"

Ungo ulisimama mikononi mwangu. "Kilikuwa cha mkubwa," nilisema. "Hakunipa ruhusa ya kukigusa."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anatafuta mahali mshono ulipoachia, na sasa amepaona. Akamtazama babu.

"Maalim," alisema, "mtoto huyu umemlea vizuri."

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Nimeitafuta kejeli hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, ningeipata ningepumua. Alisema kweli, na babu yangu, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliinamisha uso.

Aliishi miaka michache tena, akishona kwa sindano ya mkono. Utani haukurudi. Mwalimu alihamishwa, alipoondoka aliniachia penseli nzima, mpya, nami nilijaribu siku moja na mwiko wa bibi. Mkono ulikuwa tayari. Ni miguu iliyokataa kuuzunguka mwiko. Penseli ile nilimpa mtoto mwingine.

Mwaka jana, tulipokwisha kuzika, nilipita pale. Nyumba ya fundi ni migomba. Chuo cha babu kimehamia kwenye jengo la matofali huko chini, na baraza letu limesombwa na mvua. Jiko la bibi halipo, na chungu kile, na ungo, na koroboi, na jembe letu moja, vyote nilikuwa nimevichora kwa pande zote ambazo macho yanaweza kufika. Pengine havikuwahi kuhifadhiwa duniani ila ndani ya daftari lile, na daftari sijui lilichomwa au liliozea kabatini. Nikifumba macho naweza kuviona vyote kutoka mbele. Nyuma yake nimesahau.

Mwenyezi Mungu amrehemu fundi na mkewe, awavike huko walikokwenda mavazi ambayo hayakatwi kwa mkono wa mtu. Awarehemu babu na bibi yangu, na mwalimu wangu popote alipo, hai au maiti. Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mungu akupe macho yanayolizunguka jambo kabla hujalihukumu, akupe mkono mwepesi siku ambayo mwenzako anauhitaji, akujalie umri wenye manufaa na mwisho mwema, wewe na watoto wako. Amina.